Pango Lisilo na Majivu

Abdimalik alikuwa dalali wa nyumba mjini Garissa, na mdomo wake ulikuwa wa kazi hiyo hasa. Angekuonyesha chumba kisicho na dirisha, ukatoka umeshukuru kwamba vumbi halitakusumbua. Choo kikiwa mbali, alikwambia hayo ni mazoezi. Paa likivuja, alikuuliza ni mji gani mwingine mtu hunyeshewa bila kusumbuka kutoka nje. Watu walicheka, na wakiwa bado wanacheka wakajikuta wamelipa. Majirani waliomsimulia baadaye husema ulimsikia kwanza tangu kona ya msikiti, kisha tumbo likafika, kisha yeye mwenyewe.

Asubuhi hiyo lakini hakuwa Garissa. Alikuwa kaskazini, nje kabisa ya Banissa, amekalia dumu la maji, mkononi ana kikombe cha chai ya maziwa ya ngamia, akimbembeleza dada yake.

Amran ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, kwa hiyo mbele yake dalali aligeuka mtoto. Alimwita abaayo, yaani dada, kwa sauti ya upole ambayo wapangaji wake hawakuwahi kuisikia. Ukame ulikuwa umemaliza mbuzi wa Amran karibu wote, na waliobaki walikuwa mbavu na macho tu. Abdimalik alikuwa amekuja na gari la kuazima, Probox, ili amchukue. Alimweleza kwamba Garissa kuna chumba kinamngoja, kuna majirani, kuna maji ya bomba siku maji yenyewe yakijisikia. Amran akachochea moto, akasema mbuzi hawa wakipona atafikiria.

Wote wawili walijua kwamba shida haikuwa mbuzi. Chini ya kilima palikuwa na laga, ule mto wa mchanga mtupu unaojaa mvua ikinyesha tu. Miaka kadhaa nyuma laga hiyo ilijaa ghafla ikamchukua Hani, binti pekee wa Amran. Hakuonekana tena, si mwili, si nguo. Siku hiyo alikuwa amevaa sandali za plastiki za rangi ya waridi alizonunuliwa na mjomba wake Abdimalik. Kamba ya mguu mmoja ilikuwa imekatika, na mama yake akaifunga kwa waya wa shaba. Amran hakupata cha kuzika, na bila kaburi hakuona namna ya kuondoka.

Kulikuwa na mtu wa tatu pale. Mulki, msichana wa Wajir aliyesomea mambo ya watu wa kale, alikuwa akichimba ndani ya pango ambamo Amran hulaza mbuzi. Alichimba kwa brashi. Abdimalik aliona hilo ni kituko cha mwaka, mtu kusoma miaka yote ile ili aje kuipiga mswaki sakafu ya mbuzi, na alimwambia hivyo hivyo. Mulki akacheka, akamvuta mkono aje aone.

Aliona majivu. Majivu juu ya majivu, tabaka kwa tabaka, kama magodoro yaliyorundikwa dukani. Kati yake palikuwa na mifupa ya digidigi, mawe makali ya kuchunia ngozi, na shanga za maganda ya mayai ya mbuni. Mulki alimweleza kwamba watu hao waliishi kabla mbuzi hawajafika nchi hii. Hawakukaa kule ndani gizani, kama watoto wanavyodhani. Walikaa karibu na mlango penye mwanga, moto ukiwa mbele kumzuia fisi, na malazi kando ya ukuta. Wala hawakuingia pango lolote lililotokea mbele yao. Walichagua. Walitaka mgongo wa pango uwe kwa upepo. Walitaka jua la asubuhi, sakafu kavu, maji ya karibu yasiyofika miguuni, na mahali pa kumwona anayekuja kabla yeye hajakuona.

"Hao ni wapangaji wangu kabisa," akasema Abdimalik. "Hawajauliza tu pa kuegesha gari."

Kisha macho ya kazi yakamwamka. Akalikagua pango la dada yake, na hakupata hata sifa moja katika hizo. Upepo uliingia moja kwa moja. Sakafu iliinama na kuleta maji ndani. Moshi ulirudi machoni. Kumbe ng'ambo ya laga, mkabala kabisa, palikuwa na pango jingine, refu, pana, mlango umeelekea macheo, mgongo kwa upepo. Angekuwa nalo Garissa angelipangisha kabla ya adhuhuri. Akauliza ni kwa nini wazee hao walioshika sifa zote hizo waliliacha lile wakaja kubanana humu.

Mulki akaweka brashi chini. Akasema alikuwa amechimba na kule. Hakukuta jivu. Hakukuta mfupa wala ganda. Udongo ulikuwa safi kama ulioanguka jana. Kitu pekee kilichokuwepo ni ukuta wa mawe uliouziba mlango, ukiacha upenyo mwembamba juu aliopenyea yeye, wa zamani sawa na majivu haya, na vijiwe vya kukazia vilikuwa vimegongwa kutoka nje.

"Na ona hapa, adeer," akasema kwa sauti ya chini, akimpa heshima ya baba mdogo. Alionyesha mahali pa moto, tabaka kwa tabaka, pote pembeni pale pale, pembe mbaya kuliko zote, ambapo moshi unakurudia usoni. Ukikaa hapo unaliona lile pango la ng'ambo. Ukisogea kidogo tu, hulioni. "Walikubali moshi. Walikubali na upepo. Mradi wasiache kulitazama."

Mawingu yalipoanza kujikusanya, Mulki aliwasha pikipiki yake kwenda Banissa kabla njia haijaharibika. Aliomba jambo moja tu, ule ukuta usiguswe hadi arudi. Abdimalik akaweka mkono kifuani akaahidi, kama anavyowaahidi wapangaji kwamba fundi anakuja kesho.

Mvua ilifika mchana huo huo.

Mtu wa mji hudhani mvua baada ya ukame ni sherehe. Mfugaji anajua kwamba mbuzi aliyekonda hauawi na jua, huuawa na ile mvua ya kwanza, baridi ikimkuta hana mafuta ya kumkinga. Upepo uliimwaga mvua ndani ya pango kama mtu anayerusha ndoo. Amran aliwafunika watoto wa mbuzi kwa shuka lake, kwa mkeka, kwa gunia, kisha kwa mwili wake. Mmoja akafa mapajani pake. Hakulia. Alimlaza pembeni, akamchukua mwingine, na huyo naye alikuwa ameanza kulegea shingo.

Abdimalik hakuweza kumtazama. Hawa wakifa leo, alijua, dada yake hatakuja Garissa. Ataketi hapa hapa kando ya laga mpaka naye aishe. Akatazama ng'ambo. Mlango mkavu. Mchanga wa laga ulikuwa bado haujafunikwa na maji.

Amran akasema mama mkwe wake alimwambia zamani kwamba mbuzi hawapandi kule. Kwa nini? Hakuuliza. Abdimalik akamwambia mbuzi hawapandi kwa sababu mlango umezibwa, ni wa kufunguliwa tu. Dada mtu akamtazama yule mtoto wa mbuzi aliyelala pembeni. Kisha akainuka.

Mawe yalitoka kwa urahisi. Hilo lilimshangaza kidogo. Ukuta wa zamani namna hiyo ulipaswa kubisha. Mbuzi wakubwa waligoma, wakabana miguu, wakatazama pembeni. Iliwabidi wabebe watoto ndani kwanza, na mama zao wakafuata kwa kilio cha maziwa.

Na Abdimalik, akitweta, amelowa chapachapa, alifanya mambo mawili bila kufikiri. La kwanza, alivua sandali zake za ngozi mlangoni akazipanga vizuri, kama mtu yeyote wa kwao anayeingia nyumba ya watu. La pili, alifungua mikono kwa mbwembwe ili dada yake acheke.

"Upepo mgongoni, jua la asubuhi, maji karibu," akasema. "Karibuni. Ingieni mwone wenyewe."

Amran akacheka. Alikuwa na kicheko cha kuvuta pumzi ndani, kama mtu aliyeungua ulimi, na Abdimalik hakuwa amekisikia tangu Hani apotee.

Pango lilikuwa kavu. Lilikuwa na joto pia. Abdimalik alishika sakafu kwa kiganja, na kiganja kikakaa pale. Lilikuwa joto la godoro ambalo mtu ameinuka juu yake sasa hivi.

Amran akaanza kuita. Ndiyo kawaida ya wafugaji, mbuzi wakiingia zizini kila mmoja huitwa jina lake, akalia, na mtoto wake akamjua kwa sauti. Akamwita Adey, yule mweupe. Adey akalia. Akamwita Madowey, yule mweusi. Akalia. Alikuwa amechoka, na ulimi wake ulikuwa umezoea mpangilio wa miaka. Baada ya Madowey hufuata Gududo, yule mwekundu.

"Gududo," akaita.

Gududo alikufa mwanzoni mwa ukame. Abdimalik aliiona aibu ikimpanda dada yake usoni, aibu ya mtu aliyeandaa sahani kwa ajili ya marehemu. Alitaka kusema neno la kumpoza.

Kule ndani, gizani, mbuzi akalia.

"Mwangwi," akasema Abdimalik.

Mbuzi wote waliokuwa hai walinyamaza.

"Ni yeye," Amran akanong'ona. "Ana ile sauti yenye ufa."

Akaita tena. Kwato zikasikika polepole juu ya udongo. Mbuzi mwekundu akasimama pale mwanga unapoishia, mnene, mkavu, kama hajawahi kuijua njaa. Amran akapiga magoti akanyoosha mkono. Abdimalik alitazama masikio. Familia yao huwatia mbuzi alama kwa kuchanja sikio la kushoto, tangu babu na babu, na kila mnunuzi wa Banissa huijua alama hiyo.

Huyu alikuwa amechanjwa la kulia.

Alimwambia dada yake. Alimwambia sikioni, taratibu. Amran hakugeuka. Alikuwa anaita wengine, waliokufa wote, mmoja baada ya mwingine, na giza lilikuwa likiitikia. Mbuzi wake wa kweli walirudi kinyumenyume hadi mlangoni. Kisha wakakimbilia mvuani, mama na watoto, wakaliacha lile joto.

Majina ya mbuzi yakaisha.

Amran akabaki amepiga magoti. Midomo yake ilitikisika. Abdimalik aliliona jina likija kabla halijafika. Akaruka amzibe mdomo.

Alichelewa.

"Hani."

Kimya. Mvua nje. Kisha, mbali sana, chini sana, sauti ndogo.

"Hooyo?"

Ndivyo mtoto wa kwao anavyomwita mama.

Amran akainuka. Hakukimbia. Alitembea kama anayekwenda kuchukua kitu alichokisahau jikoni. Abdimalik akamshika shuka, shuka likamtoka. Akamshika kiuno. Alikuwa na nguvu, mwanamke yule mkondefu, alimburuta ndugu yake mwenye tumbo lile kama gunia la majani makavu.

"Hooyo, nina baridi."

Alikuwa na baridi. Ndani ya joto lile.

Abdimalik hakuwa na kisu wala tochi. Dua alizozijua zilimkimbia zote, hata fupi. Kilichobaki ni mdomo. Akaufungua. Akaanza kusema kwa sauti yake yote ya sokoni, sikioni mwa dada yake, ili masikio yake yajae yasipate nafasi ya kitu kingine. Alisema habari za chumba kisicho na dirisha. Alisema habari za bwana harusi aliyepanga nyumba moja kwa wake wawili na milango miwili. Alisema kuhusu siku aliyojinyea darasani, na jinsi Amran alivyomwambia mwalimu kwamba ni tope. Aliruka kutoka hadithi hadi hadithi bila kuvuta pumzi, akivuta kinyumenyume, akivuta. Miguu ya Amran ikaanza kulegea. Alianza kulia. Abdimalik hakunyamaza. Upepo mgongoni. Jua la asubuhi. Bwana harusi. Tope.

Ndipo akasikia kicheko.

Kicheko cha kuvuta pumzi ndani, kama mtu aliyeungua ulimi.

Dada yake alikuwa mikononi mwake, uso umelowa machozi, mdomo umefungwa.

Kicheko kilitoka mbele yao. Kilikuwa kinakuja. Kilicheka mahali pake hasa, mwisho wa kila mzaha, kama msikilizaji mzuri.

Abdimalik hakujua walivukaje laga. Maji yalikuwa yamefika magotini na yalikuwa na nguvu. Alijua tu kwamba alifika ng'ambo pekupeku akiwa bado anazungumza, na kwamba ilimchukua muda kunyamaza.

Waliwakuta mbuzi katika lile pango bovu, wamebanana pembeni pale pale pa moto, kwenye moshi, wote wanatazama ng'ambo.

Mvua ilipokatika Amran alisema atakwenda Garissa. Alisema mwenyewe, bila kuombwa. Mbuzi waliopona aliwaachia shemeji yake, na njiani hakugeuka nyuma hata mara moja. Abdimalik akashukuru. Alimpa chumba chenye dirisha, na kwake hiyo ilikuwa sadaka kubwa.

Siku zikapita salama. Amran alipika, alisali, aliongea na majirani, alipendwa. Ila hakucheka. Abdimalik alimjaribu kwa kila kitu alichokuwa nacho, vizuri na vibaya, hadi majirani wakashika mbavu. Amran alitabasamu, akafungua mdomo kama anayetaka kupiga chafya, na hakikutoka kitu. Siku moja alimwambia kwa utulivu, kana kwamba anaeleza kikombe alichokisahau mahali, kwamba kile kicheko kilibaki kule.

Mulki alipiga simu alasiri moja, Abdimalik akiwa barazani kwake na Amran anachambua mchele pembeni. Alikuwa amerudi kilimani. Aliuliza, kwa heshima zote, kama adeer alimweleza mtu yeyote habari za pango lile. Abdimalik akaapa kwamba hajafungua mdomo. Kwa mtu kama yeye hiyo ilikuwa habari nzito, lakini Mulki hakucheka.

Akasema wachungaji wamekuja kumwuliza ni nani anayeishi ng'ambo. Mvua iliyopita, wakitafuta pa kujikinga, walisikia mwanamume akiwakaribisha kutoka mle ndani, mtu mchangamfu sana, mwenye maneno. Alikuwa akisema upepo uko mgongoni na maji yako karibu. Alikuwa akisema waingie waone wenyewe. Na kila akimaliza, mwanamke mmoja alikuwa akicheka. Wengi wao walipita. Familia moja, wageni kutoka upande wa mpaka, haijaonekana tena.

"Sikuingia, adeer," Mulki akanong'ona. "Nimepiga picha nikiwa mlangoni. Nakutumia."

Picha ikafika. Mawe yalikuwa yamepangwa kando, nadhifu, njia iko wazi. Ndani kidogo, juu ya udongo ule ambao haukuwahi kuwa na jivu, palikuwa na majivu. Yalikuwa machache, mapya, na bado yanatoa uzi wa moshi. Mlangoni palikuwa na viatu vilivyovuliwa kwa adabu, vimepangwa mstari. Vya mwanamume. Vya mwanamke. Vya watoto. Zile sandali za ngozi zilizotangulia mstari alizijua, zilikuwa zake.

Alitaka kuifuta. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya simu.

Amran alikuwa ameegemea begani pake, anatazama. Hakutazama majivu. Aliikuza picha kwa vidole viwili, polepole, kama alivyofundishwa na watoto wa jirani, hadi mwisho wa mstari. Pale palikuwa na sandali ndogo za plastiki, rangi ya waridi, safi, hazina hata chembe ya tope. Kamba ya mguu mmoja ilikuwa imefungwa kwa waya wa shaba.

Abdimalik akaanza kuzungumza. Alizungumza haraka, kwa sauti ya juu, kitu chochote, bwana harusi, milango miwili, tope.

Amran aliweka sinia la mchele chini, akajifuta mikono, akavaa viatu.

"Walaal," akasema, kwa upole, kama anayemwomba ndugu yake amshikie mlango, "lori la Banissa huondoka saa ngapi?"